Gari Likipanda Satiha

Siku za zamu, Truphena alikuwa muuguzi wa kusafisha damu za wagonjwa wa figo katika hospitali moja ya Riyadh. Siku za mapumziko alikuwa chini ya Land Cruiser kuukuu, mgongo juu ya katoni, akiimba sauti ya pili ya kwaya huku mafuta machafu yakimdondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Wenye kushangaa aliwaacha washangae. Kama unaweza kuutafuta mshipa wa mtu aliyekukunjia uso na ukaupata, nati ni kitu gani?

Gari lenyewe walilinunua watu watatu: yeye, Monicah aliyefundisha watoto wa chekechea, na Gilbert, fundi wa lifti mwenye maneno mengi kuliko ghorofa alizozipanda. Walilikuta Jedda, mtaa wa Al-Mahjar, limeegemezwa ukutani kama mgonjwa aliyesahauliwa na jamaa zake. Lilikuwa steshen wagoni la mwaka 1988, uso wa mraba, milango mitano, kutu kila mahali. Wakalivuta hadi uani kwa Titus, Mkenya mwenzao aliyekaa Ruwais, hapo hapo Jedda, na kila walipopata likizo walipanda basi kutoka Riyadh kwenda kulihudumia. Walibadilisha springi, wakaliinua inchi mbili, wakalivalisha matairi mapana na kulipaka rangi ya mchanga. Wenzao wa Manfuha, mtaa wao wa Riyadh, waliwacheka wakachoka. Watu wanatafuta gari la kuwapeleka kazini, walisema, hawa wanakwenda kazini ili gari lipate kutibiwa.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama, kwa hiyo walipiga kura ya kumpata fundi mkuu. Truphena alishinda, kura mbili kwa moja, na ile moja kila mtu alijua ni ya nani. Gilbert alikubali, ila akadai ifuatwe sheria ya Wakenya wote wa Riyadh wanaocheza na magari ya zamani: gari likipanda satiha, fundi anashuka. Satiha ni lile lori la mgongo bapa linalobeba magari yaliyokufa njiani. Gari lako likibebwa mara moja tu, unakabidhi funguo kwa mwenzako, na tangu siku hiyo kazi yako ni kushika tochi na kupitisha spana. Hakuna rufaa.

Truphena alicheka na kukubali, lakini funguo zile alizipenda kuliko alivyoonyesha. Miaka sita ughaibuni alikuwa akipangiwa kila kitu. Zamu alipangiwa, chumba alipangiwa, na basi la hospitali lilimrudisha saa ambayo hakuichagua. Gari hili ndilo kitu pekee ambacho yeye alisema kiwe hivi, kikawa hivyo. Kulikosa kungemuuma, tena kumuuma sana.

Basi Ijumaa moja ya Oktoba 2018, miezi minne tangu wanawake waruhusiwe kuendesha nchini humo, waliagana na Titus asubuhi na kuanza safari ya kulipeleka gari nyumbani Riyadh. Truphena alikuwa kwenye usukani. Leseni yake mpya aliitoa kuitazama walipojaza mafuta, akaitazama tena walipokuwa wakitafuna sambusa. Wakafuata barabara ya kando, ile ya Wakristo inayoizunguka Makka, na kabla ya adhuhuri wakaanza kuupanda mlima wa Al-Hada, barabara yenye kona juu ya kona kuelekea Taif.

Kwenye kona ya tano mshale wa joto ulianza kupanda. Kwenye ya tisa ulikuwa umelala upande mwekundu na mvuke ukitoka chini ya boneti. Truphena aliegesha pembeni, mahali pana penye ukuta mfupi wa mawe, akazima injini. Nyani wa mlima ule, ambao wamezoea kulishwa na wasafiri, wakaja kukaa ukutani kutazama.

"Nilisema," Gilbert akaanza.

"Hukusema kitu."

"Nilikuwa karibu kusema."

"Ni rejeta," Truphena akasema kwa hasira. "Na rejeta aliiosha nani? Si wewe? Umeacha tope la mwaka juzi ndani."

"Sister, ile rejeta niliiosha hadi ungeweza kuipikia chai." Gilbert aliumia kweli, hata sauti ikapanda. "Usinisingizie. Hii gari imekufa, bana. Napigia satiha." Akapiga, akaongea Kiarabu chake cha kuparura, akakata simu. "Anatoka Taif. Baada ya saa moja atakuwa hapa. Yalla, bado uko na saa moja ya kuwa fundi."

Truphena akafungua boneti. Akasubiri injini ipoe kidogo, na kungoja huko kulimtesa kuliko maneno ya Gilbert. Nyuma yake nyani mmoja alikuwa ameshapora mfuko wa mkate, na Monicah alimfukuza kwa mwiko wa ugali akimtukana Kiluhya.

Ndipo Truphena akaweka kiganja chini ya rejeta. Palikuwa baridi.

Akaweka tena, asiamini. Injini inachemka hadi kutoa moshi, na rejeta, ambayo kazi yake ni kupokea yale maji ya moto iyapoze, chini imepoa. Maana yake maji hayafiki. Na hali hiyo aliijua, si kwa magari bali kwa watu. Kule kitengoni, sindano mbili zikichomwa karibu mno mkononi mwa mgonjwa, damu iliyosafishwa hurudi papo hapo kwenye mashine, na ile chafu hubaki mwilini. Mashine inazunguka, taa zote ni kijani, na mgonjwa anazidi kuvimba. Muuguzi mjinga huilaumu mashine. Mwenye akili hutafuta njia ya mkato.

Akaitafuta. Kando ya injini palikuwa na mpira mfupi, mnene kama kidole gumba, unaoyarudisha maji kwenye pampu bila kupitia kwenye rejeta. Akaugusa, ukamuunguza.

Na hapo akakumbuka. Njia hiyo huwa wazi injini ikiwa baridi tu. Injini ikipata moto, themostati, kile kivalvu kidogo cha shaba, huifunga na kuyafungulia maji njia ya rejeta. Lakini themostati haikuwamo. Alikuwa ameitoa mwenyewe, kule Ruwais. Nyumbani Kenya hakuna fundi anayeiacha. Babake, fundi wa magari Mumias, alizitupa kwa mamia, akisema vitu hivyo waliwekewa watu wa theluji. Truphena aliitoa vivyo hivyo, bila kufikiri, kama mtu anavyotoa kokoto kwenye mchele, akaitupa kwenye takataka. Hakuna aliyemwona. Tena akasimama hapa akamkaripia mtu kwa rejeta safi!

Aliona haya, lakini haya haizibi mpira. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini satiha ifike.

"Monicah, lete huo mwiko."

"Wa nini?"

"Naukata."

"Mwiko wangu? Nimetoka nao Kakamega! Riyadh nzima mwiko kama huu mafi, haupo!"

"Nitakuletea miwili. Lete."

Akaukata mpini kwa msumeno wa chuma, kipande cha urefu wa kidole. Akaufungua mpira upande mmoja, akakisukuma kile kipande ndani hadi kikakaza, akaurudisha na kufunga klipu kwa nguvu zake zote. Mti ukilowa unavimba, hautatoka. Wakajaza maji, madumu mawili. Gilbert alisimama kando amekunja mikono, macho kwenye barabara ya Taif.

Truphena akawasha. Mshale ukapanda, ukafika katikati. Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, nyani wakaruka ukuta. Mshale haukusogea. Akashuka, akaweka kiganja chini ya rejeta, na sasa palikuwa na joto zuri, la kawaida.

"Wewe!" Monicah akapiga kigelegele.

Wakati huohuo lori la satiha likatokea konani, dereva akipiga honi. Kwa sheria yao, ushindi ulikuwa wa Truphena. Gari halikuwa limepanda kitu. Angeweza kusema mpira ulikuwa mbovu, na hata mtu mmoja asingejua hadi siku ya kufa. Akafikiria hivyo, kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akazima injini.

"Gilbert, rejeta yako ilikuwa safi," akasema. "Ni mimi niliyeitoa themostati. Nikaitupa. Bila hiyo, maji yalikuwa yanapita njia ya mkato. Karibu niue injini yetu, na nikakulaumu wewe. Nisamehe." Akaziweka funguo juu ya boneti. "Pigeni kura upya. Mkinishusha nitashuka."

Monicah akamtazama Gilbert. Gilbert alizitazama funguo, midomo ikichezacheza kama mtu anayechagua neno katika mengi aliyonayo.

"Themostati," akasema mwishowe. "Mimi ningeitoa kabla sijavua koti."

"Najua."

"Hapana, hujui. Ningeitoa, gari ichemke, halafu nione ni makosa yangu. Ningewaambia ni rejeta. Mngezeeka mkiamini ni rejeta." Akazichukua zile funguo, akamtia Truphena kiganjani na kumfumba vidole. "Washa, fundi. Riyadh ni mbali."

Kisha akaenda kwa dereva wa satiha na kumwomba radhi kwa kumsumbua bure, jambo ambalo Truphena hakuwahi kumsikia Gilbert akimfanyia mtu yeyote.