Ng'ombe wa Mzee Sakaya

Mwalimu Paskalina alikuja na kalamu yake nyekundu mwenyewe, ameitoa nyumbani kwake mtaa wa Sakina ndani ya mkoba, maana kalamu ya kuazima humharibia mwandiko. Miaka kumi na tisa anafundisha Kiingereza shule ya serikali huko juu Meru, leo akubali kupewa mtihani kama mtoto wa darasa la nne? Alikubali. Tena alikubali mbio.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, shule za kulipia zimeanza kuota Njiro, na kila mwenye uwezo anahamisha mtoto. Paskalina uwezo huo hakuwa nao. Lakini shule hii mpya aliyoomba kazi ilikuwa na utaratibu mmoja mtamu: mtoto wa mwalimu anasoma bure. Akipata kazi, Nancy wake wa miaka kumi amepata shule. Akikosa, basi tena. Nancy mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, kapakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, akisubiri zamu yake ya kuulizwa maswali.

"Shikamoo Mwalimu," alisema mwalimu mkuu, Agnela, binti mdogo tu aliyesomea Nairobi. Adabu anayo, hilo tusimnyime. "Ni sentensi ishirini. Kila moja ina kosa, wewe sahihisha tu. Tumezikusanya kwenye madaftari ya watoto wanaohamia kwetu kutoka shule za serikali."

"Kazi ndogo hiyo," Paskalina akasema, akacheka.

Ya kwanza akaikata. Ya pili akaikata. Ya tatu akaisoma mara mbili, akaona haina neno, akairuka. Ya nne nayo safi. Ya tano safi. Loo! Makosa yako wapi? Akarudi mwanzo, akasoma kwa midomo, jambo ambalo wanafunzi wake huchapwa wakilifanya. Jasho likamtoka mgongoni, na Njiro asubuhi ile ilikuwa na baridi yake ya Julai. Kufika ya kumi na sita alikuwa ameona makosa matano tu.

Ya kumi na saba ilikuwa ya ng'ombe wa Mzee Sakaya, aliyeingia kwenye migomba ya kanisa.

Jamani! Mzee Sakaya alikuwa jirani wa shule yake kule Meru, na ng'ombe huyo aliingia kweli, mwaka wa themanini na mbili, watoto wakacheka mpaka kipindi kikaharibika. Paskalina ndiye aliyeitunga sentensi hiyo ubaoni, siku ile ile. Tangu hapo kila mwaka aliiandika, darasa zima likaikariri, yeye akapita dawati kwa dawati akiweka alama ya vema. Watoto wangapi hao? Hakutaka hata kufikiria.

Mwingine angekata popote, abahatishe. Alijaribu. Aliweka kalamu kwenye neno la kwanza, akaihamishia la mwisho, akaona haya kana kwamba anamsingizia mtu. Mkono, kwa mazoea yake, ukaweka vema. Alipotahamaki, vema imekaa pale, kubwa, nyekundu, na Agnela amenyoosha mkono kuchukua karatasi.

Agnela aliipitia pale pale. Kwenye kumi na saba akatulia.

"Mwalimu, hii umeiona sawa?"

"Nimeiona sawa."

"Haya. Tutakuandikia barua." Hakumtazama usoni. "Na mtoto naye tumsikilize, maadamu amekuja."

Hapana, Paskalina alitaka kusema, mwache tu, twende zetu nyumbani. Nancy akampita mlangoni, akamnong'oneza, "Usiogope, mama," na mlango ukafungwa.

Akakaa kwenye benchi, mahali palipokuwa bado na joto la mtoto. Nancy hajawahi kufundishwa Kiingereza na mtu mwingine. Alifundishwa na mama yake, darasani na jikoni, na alikuwa wa kwanza kila muhula. Dirishani Paskalina akamsikia akiulizwa, akamsikia akijibu kwa sauti kubwa, bila woga, vile vile alivyomfundisha. Agnela akauliza tena, polepole zaidi. Nancy akalirudia jibu lake, kwa nguvu zaidi.

Paskalina akafumba macho, akatega sikio alisikie kosa. Hakulisikia.