Nafasi ya Nzilani

"Kohoa kwanza," Nzembi alisema. "Ukiingia bila kukohoa, atajua wewe si Nzilani."

Fatna alisimama kwenye korido ya ploti yake mwenyewe ya vyumba vya kupangisha, leso ya kijani kichwani, imefungwa kwa namna ambayo hakuwahi kuifunga tangu azaliwe. Akakohoa.

"Hapana, hiyo ni ya mgonjwa. Kohoa kama mtu ametoka kuchota maji na hataki kuulizwa mbona amechelewa."

"Wee Nzembi. Mimi Mnubi wa mtaa huu wa Lindi, mtu mzima, na wapangaji wangu. Leo unanifunza kukohoa Kikamba?"

"Mama Sumaya, tafadhali. Mara moja tu."

Fatna akakohoa tena. Safari hii ilikaribia.

Ndani, nyuma ya pazia lililokigawa chumba, alilala mama yake Nzembi. Zamani aliuza vyondo, vikapu vya kusuka, sokoni Kitui, na hakuna mnunuzi aliyemshinda kwa maneno. Sasa akili yake ilikuwa imerudi nyuma hadi utotoni ikatia nanga huko. Alijiona msichana anayemngoja dada yake mkubwa, Nzilani, arudi kutoka mtoni. Nzilani mwenyewe alikufa kabla Nzembi hajazaliwa. Lakini wakati mama alipokataa chakula kabisa, siku moja Nzembi aliingia na leso ya kijani kichwani, vumbi la Lindi limemkaba, akakohoa, na mama akamuuliza kwa Kikamba, "Nzilani, mbuzi umewaacha na nani?"

Nzembi alikuwa mwigizaji, na mwigizaji akitupiwa neno hulidaka. "Wako na Mutie," alijibu kwa jina la kwanza lililomjia. "Washakunywa maji."

Mama akafungua mdomo. Tangu siku hiyo, kila bakuli la uji liliingia kwa maneno hayohayo. Ukikosea neno, midomo ilifungwa na machozi yakaanza.

Kabla ya hapo Nzembi alizunguka shule za upili na kikundi kilichoigiza tamthilia zinazotahiniwa. Aliwahi kuwa malkia asubuhi Machakos na mlevi alasiri Thika, na wanafunzi walimshangilia kote kuwili. Kisha kaka yake, Makau, alimleta mama kwa basi, akamshusha na begi moja, akasema ni kwa muda tu. Muda huo ulikuwa haujaisha, na simu ya Makau ilikuwa haishiki.

Waithira ndiye aliyempigia. Waithira aliongoza kikundi cha maigizo kwenye ukumbi mmoja Kawangware, na yeye pia aliwahi kuacha jukwaa kwa sababu ya mapacha wake. Sasa alikuwa amepata wafadhili wa msimu mmoja wa kuwarudisha waigizaji waliofungiwa nyumbani na watoto au wagonjwa. Wenye watoto wangekuja nao. Kando ya ukumbi palikuwa na chumba chenye magodoro na yaya. Mama yake Nzembi hakuweza kubebwa kila siku, kwa hiyo msimu ungemlipa mtu akae naye.

"Tafuta mtu unamwamini," Waithira alisema. "Wewe kuja tu. Hiyo kitu ingine tutapanga."

Nzembi alimwamini Fatna, mwenye ploti, aliyekua na watoto wa wapangaji Wakamba hadi akakijua Kikamba chao vizuri tu. Fatna alikubali, lakini akasema mapema: onyesho likiisha tu, anakwenda Mombasa kwa binti yake Sumaya, aliyekuwa karibu kujifungua, na hajui atarudi lini. Nzembi alisema ni sawa. Mtu anayezama haulizi kamba ina urefu gani.

Siku ya kwanza Fatna aliingia kama Fatna, na gurbaba yake ya maua kiunoni, nguo ya Kinubi ya kujifunga, na chapati za moto mkononi. Mama alifunga mdomo kutwa nzima. Ndiyo maana asubuhi hii walikuwa koridoni wakikohoa.

"Twende," Nzembi alinong'ona.

Fatna alipita pazia akaingia kwa mama, Nzembi akabaki upande wa mlango. Mama aligeuza uso taratibu.

"Nzilani, mbuzi umewaacha na nani?"

Fatna, mtu ambaye maneno hayakuwahi kumwishia hata siku ya kodi, aliduwaa.

"Wako na Mutie," Nzembi alinong'ona nyuma ya pazia.

"Wako na Mutie," Fatna alisema. "Washakunywa maji."

Mama akafungua mdomo. Nzembi hakungoja bakuli liishe. Alichukua mkoba na kutoka mbio kutafuta boda ya Kawangware, akiona haya kwa jinsi miguu yake ilivyokuwa myepesi.

Mwanzoni sauti yake ilikwama. Ilikuwa imezoea kuongea polepole kitandani, sasa iliombwa ifike ukuta wa nyuma. Katika mchezo alipewa nafasi ya mwenye ploti mkali anayefunga milango ya watu kwa kufuli, na bila kuomba ruhusa aliiba mwendo wa Fatna mzima mzima, nyonga na vidole. Waigizaji wenzake walicheka hadi mtoto mmoja akaamka chumba cha pili akaanza kulia, na mama yake akatoka kwenye mazoezi kumnyonyesha, akarudi, na hakuna aliyesema kitu. Nzembi alilitazama jambo hilo kwa wivu mtamu. Hakujua kwamba kazi inaweza kumngoja mtu hivyo.

"Sauti yako bado iko," Waithira alimwambia. "Ilikuwa imelala tu."

Jioni Nzembi alimkuta mama ameshakula, ameshafutwa mwili, amelala. Fatna alimpa habari kwa kifupi, amemaliza bakuli, amekunywa maji, hana homa. Nzembi alibusu paji la uso la mama akalala hoi. Asubuhi Fatna aliingia kabla mama hajaamka, na Nzembi akatoka. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na zilikuwa siku nzuri, hilo halina ubishi.

Kisha mazoezi yakaisha mapema alasiri moja, na akiwa bado koridoni Nzembi alisikia kitu alichokisahau. Mama alikuwa anacheka. Akachungulia kando ya pazia.

"Mutie mwenyewe amelala chini ya mti," Fatna alikuwa akisimulia, kijiko hewani. "Mbuzi wameingia shamba la chifu. Wamekula mahindi, wamekula na kofia yake."

Mama alicheka hadi uji ukamtoka puani.

Walipotoka nje Nzembi alisema, "Hiyo ya chifu haiko."

"Najua. Nimeongeza."

"Tulisema usibadilishe."

"Nzembi, kila siku ni mbuzi washakunywa maji, mbuzi washakunywa maji. Hata mimi nilikuwa nimechoka na hao mbuzi." Fatna alimtazama, akashusha sauti. "Si anakula?"

Alikuwa anakula. Hata mashavu yalianza kurudi. Nzembi alikubali kwa kichwa, na moyoni akaona wivu mchungu, wa mwigizaji na wa mtoto kwa pamoja, na hakujua aanze kuumezea wapi. Miaka yote ile alikuwa amelisha mama kwa mistari miwili, na wala hakuwaza kwamba mama angependa kucheka.

Jumamosi waliigiza. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nzembi alipofunga kufuli la kwanza watu walizomea, na alipofunga la mwisho, akabaki amejifungia mwenyewe nje, walipiga makofi. Alilia nyuma ya jukwaa kwa furaha, bila kuficha.

Waithira alimshika mabega. "Sikiza. Kuna shule zinataka huu mchezo muhula ujao. Tunazunguka. Nakutaka wewe. Nipe jibu kesho jioni, ndio nijue nipange aje."

"Nitakuambia," Nzembi alisema. Fatna alikuwa anaondoka Jumanne. Lakini usiku huo aliruhusu furaha ikae.

Jumapili Fatna alikwenda harusini Makina, mtaa wa jirani, bibi harusi akiwa mtoto wa dada yake. Nzembi alikoroga uji, akafunga leso ya kijani, akakohoa koridoni kikohozi chake kilekile cha mtoni, cha awali, ambacho Fatna alijifunza kwake. Akaingia.

Mama alimtazama. Akajivuta ukutani kumpa nafasi kitandani.

"Karibu, mgeni," alisema. "Keti. Dada yangu ameenda mtoni, atarudi sasa hivi."

Nzembi alingoja lile swali. Halikuja. Akajaribu kulijibu bila kuulizwa.

"Mbuzi wako na Mutie. Washakunywa maji."

"Ahsante kwa kutuangalizia," mama alisema kwa adabu, na alipoona kijiko akageuza uso. "Nitakula Nzilani akija."

Alijaribu tena adhuhuri. Alitoka, akakohoa, akaingia. Alijaribu mahindi ya chifu na ile kofia, na mama akamsikiliza kwa uso wa mtu anayesimuliwa habari za watu asiowajua. Alivua leso. Akapiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mwaitu, mama yangu, ni mimi. Ni Nzembi. Mtoto wako." Mama alimhurumia. Akampapasa mkono, akamwambia kwamba yeye bado ni msichana, hana mtoto, lakini huyo mama yake bila shaka anamtafuta.

Nzembi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa jukwaani. Hata akimwambia Waithira hapana, hata akikaa humu ndani hadi nywele ziote mvi, pa kurudi palikuwa pamechukuliwa, na hakukuwa na mtu wa kulaumu. Alimpigia Fatna simu. Nyuma ya sauti ya Fatna ngoma zilikuwa zinalia.

"Hajakula?"

"Hata kijiko."

"Nakuja."

Jua lilikuwa linashuka kikohozi kiliposikika koridoni. Fatna aliingia na nguo za harusi, hina mbichi mikononi. Hakuwa na leso kichwani, na wala haikuhitajika tena. Mama alijiinua kwa kiwiko, uso umefunguka.

"Nzilani, umekawia. Tuna mgeni. Amekaa hapa tangu asubuhi, maskini, analia tu. Sijui ni wa nani."

Fatna alichukua bakuli mkononi mwa Nzembi. Alimtazama, macho yakiuliza. Nzembi akainamisha kichwa kidogo, kama alivyokuwa akifanya nyuma ya pazia siku zile za kwanza. Endelea.

"Mbuzi wako na Mutie," Fatna alianza.

"Waache mbuzi," mama alisema. "Mpe mgeni kwanza. Mimi siwezi kula na yeye anatazama."

Juu ya kiti simu ya Nzembi ilitetemeka. Jina la Waithira likawaka, likakaa, likazima. Fatna alichota uji, akaupuliza, akaupeleka polepole mbele ya uso wa Nzembi. Kitandani mama alikuwa anangoja, mikono mapajani, kama msichana aliyelelewa vizuri.

Nzembi akafungua mdomo.