Mgongo wa Mama Taeshik

Ni majira ya baridi ya tatu tangu tumzike Mama, na bado siwezi kubandua ukoko wa wali. Nafanya kazi jikoni kwenye shule moja hapa Gwangju. Tunapika sufuria za watoto mia nne, na ukoko ndio wanaougombania. Wenzangu wameshanizoea: ukifika wakati wa ukoko, Hwajong ana shughuli stoo. Wananitania kwamba nina mchumba kule kati ya magunia ya vitunguu. Nawaacha wacheke.

Kijijini kwetu, upande wa Haenam, wanawake waliozeeka karibu wote wamepinda. Wamelima kabichi na vitunguu saumu wamechutama miaka hamsini. Wanatembea wakisukuma vigari vya watoto visivyo na mtoto ndani, vya wajukuu waliokwenda mjini zamani, ili wapate cha kushikilia. Hakuna aliyeita hali hiyo ugonjwa. Tuliita uzee, basi. Mama yangu naye alikuwa amefupika hata swichi ya taa ya jikoni akawa anaibonyeza kwa kijiti cha kulia chakula. Alisema yeye yuko vilevile, ila nyumba inarefuka. Kijiji kizima kilimwita Mama Taeshik, kwa jina la kaka yangu anayeishi Seoul, ingawa aliyekuwa akienda kumwona kila Jumamosi ni mimi. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti, lakini liliniuma.

Novemba ile tulitia chumvi kabichi mia na ishirini za kimchi, achari yetu ya kulia majira ya baridi. Kaka na wifi yangu hawakuja, walituma ndoo tupu tuwajazie. Nilipomaliza kusugua mabeseni, jua lilikuwa bado halijatua, nikaingia ndani na kumkuta Mama amelala kifudifudi kwenye sakafu, pale ambapo moto unaopita chini yake huipasha zaidi.

"Njoo unikanyage kidogo," akasema.

Kwetu mtoto akishajua kusimama vizuri hukanyaga migongo ya wakubwa. Nilipokuwa na miaka sita nilitembea juu ya Mama kila jioni, kutoka kiunoni hadi mabegani, mkono mmoja ukutani, yeye akiguna kwa raha. Baadaye nilipata kiazi kitamu cha kuchemsha. Lakini sasa nilikuwa na miaka hamsini na nne.

"Mama, mimi si yule wa zamani. Nina kilo sitini."

"Kilo sitini za nini, na huko mjini huli? Panda. Wale wa kliniki wananipapasa tu kama wanaogopa kuniamsha."

"Nikikuvunja je?"

"Ukinivunja utaniuguza. Panda bwana, maneno mengi ya nini."

Nikapanda. Mguu wa kulia kwanza, huku nimeegemea kabati, kisha wa kushoto. Akaguna kama zamani, na mimi nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nikasogea juu kidogo, na pale chini ya mabega mfupa ukalia. Niliisikia kwa unyayo kabla ya kuisikia kwa sikio, sauti ndogo kavu, kama ukoko unapoachana na sufuria. Mama hakupiga kelele. Vidole vyake vilikunjika, vikakunjuka.

"Inatosha," akasema. "Sasa nimepona."

Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Asubuhi alisema hawezi kuamka mapema, ni baridi tu. Nikapakia ndoo zangu kwenye basi nikarudi Gwangju.

Siku ya kumi alinipigia simu Mama Gilsu, jirani yetu. Huyo hana mazungumzo ya kuzunguka. "Mama yako anakwenda chooni kwa magoti," akasema. "Amebandika plasta za maumivu mgongo mzima mpaka ngozi haionekani. Amenikataza nisikwambie. Haya, nimekwambia."

Tulikutana hospitali ya mjini, mimi na kaka aliyekuja kwa treni ya asubuhi na suti yake. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alituonyesha picha ya uti wa mgongo na kuweka kidole kwenye pingili moja iliyobonyea. "Hii imepondeka karibuni," akasema. "Hii ya juu yake nayo si ya zamani, miezi miwili hivi. Na hii ya chini ina miaka mingi, nadhani hata yeye hajui. Mifupa imekuwa na matundu ndani, haina nguvu. Hata chafya inaweza kuivunja. Mama, ulifanya nini?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Niliinua beseni la kabichi."

"Na ile ya miezi miwili?"

"Beseni jingine."

Daktari akatabasamu. Kaka aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake, nikadhani ni hasira.

Nje kwenye korido daktari alituambia bila kutuficha. Aliyevunjika pingili moja, nyingine haikawii kufuata. Zikifuatana, kifua kinajikunja, mapafu yanakosa nafasi, na tumbo pia, mtu anashiba kwa vijiko vitatu. Akilala sana, damu inaganda miguuni na mapafu yanajaa makohozi. Kwa hiyo achomwe sindano ya mifupa, na aamshwe, atembee kila siku, hata kama analalamika. "Kinachowaua wengi si mgongo," akasema. "Ni yale yanayokuja nyuma yake."

Tuliporudi chumbani kaka akaanza. "Nilisema kimchi inauzwa dukani. Nilisema au sikusema? Huyu hawezi kuachwa peke yake, ataendelea kubeba mabeseni mpaka afe. Atakwenda nyumba ya wazee, nimeshaulizia."

Mama aliwahi kuapa kwamba nyumbani kwake atatolewa ndani ya jeneza tu. Nilimtazama, naye akanitazama. Sentensi moja tu ilitosha. Ningesema hakubeba chochote, ni mimi nilimkanyaga, kaka angekosa hoja, na Mama angerudi nyumbani kwake, nami ningehamia kumwangalia. Nilikuwa nayo sentensi hiyo mdomoni. Lakini niliona jinsi kaka angenitazama, na wifi yangu, na kijiji kizima, nikaimeza.

"Sawa," Mama akasema. "Nitakwenda."

Alikubali upesi mno, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Kule kwenye nyumba ya wazee hawakuwa watu wabaya. Mikono ilikuwa michache na vitanda vingi, basi Mama akalala. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua. Siku moja alikohoa tu, pingili ya nne ikapondeka. Alikula vijiko vitatu vya uji, kama tulivyoambiwa, akasukuma bakuli. Kila nilipokwenda aliuliza habari za nyumba. Bomba la uani nimelifunga nguo lisigande? Mapipa ya kimchi nimeyafunika? Theluji ya paani nani anaiondoa? Nilijibu ndiyo, ndiyo, mimi, na njiani kurudi niliisikia ile sauti kwenye kila kitu. Niliisikia kwenye barafu iliyokanyagwa kituoni, na kwenye ganda la karanga la abiria wa pembeni. Nilikuwa nakaa na miguu juu ya kiti, kama mtu anayeogopa panya.

Mwezi wa pili ikaja nimonia. Walituita wote wawili. Mama alikuwa na mpira wa hewa puani, na kila pumzi ilikuwa fupi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamvuta kaka kwa mkono wa koti mpaka korido.

"Haikuwa beseni," nikamwambia. "Nilimkanyaga mimi. Siku ya kabichi. Nilisikia mfupa."

Alikuwa ameshika kikombe cha karatasi cha kahawa. Alikichana ukingo wake taratibu, kipande kwa kipande.

"Mimi nilimkanyaga sikukuu ya mavuno," akasema. "Nina kilo tisini, Hwajong. Ililia. Akaniambia amepona."

Miezi miwili kabla ya kabichi. Ile pingili ya juu.

"Na bado ukamtoa nyumbani kwake?"

"Nilijua ataomba tena. Kwako, kwa Mama Gilsu, kwa mtu yeyote." Akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi ile sakafu sikutaka kuiona tena. Nikalala Seoul nikijiambia nimemwokoa."

Nilitaka kumpiga. Mkono ulinyanyuka kabisa, kisha nikaona hauna haki. Miezi miwili tulikuwa tumekaa pande mbili za kitanda kimoja, kila mmoja na lake, na Mama katikati akituficha.

"Tumrudishe nyumbani," nikasema. "Leo. Hata kama ni kwa siku mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukaingia. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, polepole, jinsi alivyokuwa akitutazama tukirudi na nguo zilizochanika.

"Nani ameanza kusema?" akauliza.

"Mimi, Mama."

"Na wewe?"

"Na mimi," akasema kaka.

Akafumba macho. Tulisubiri pumzi, ikaja, tukasubiri nyingine. Nikamshika mkono nikamwambia tumekubaliana, tunampeleka nyumbani, gari linatafutwa sasa hivi.

"Niliwaambia beseni," akasema, na kila neno lilikuja na pumzi yake. "Nikakubali kuja kulala huku, ili kila mmoja abaki bila kujua la mwenzake. Hapo mngetazamana usoni bila lawama siku ya mazishi. Basi nyumba yangu nimeiacha bure."