Fundi Asiyekuwamo Maktabani

Siku hiyo mjinga alikuwa Sadalla mwenyewe, wala hakuna haja ya kumtafutia mwenzake. Jana yake, mashine mpya ya mlango wa maktaba ilikikataa kidole chake, ikamtaka ajaribu tena. Akasema moyoni, grisi tu hiyo. Fundi baiskeli wa Usagara ataikosaje? Basi alfajiri akavisugua vidole kwa sabuni ya unga na mchanga. Weusi ulipogoma kutoka, akachukua msasa wa kukwangulia tyubu za pancha, akavimalizia. Vikang'aa kama vya bwana harusi.

Alipokibandika kimoja mlangoni pa maktaba, mashine ikawaka nyekundu. Safari hii haikumwambia hata ajaribu tena: HATAMBULIKI.

"Umefanya nini, Sadalla?" Anastazia, mkutubi, akamgeuza kiganja. "Alama zote umezifuta!"

"Nimeoga, dada. Kumbe hapa mnataka wachafu."

Lakini kicheko hakikufika mbali. Kesho alikuwa na mtihani wa Baiolojia wa kidato cha nne, anaurudia kwa kujitegemea, na mada ya urithi hajaigusa. Kitabu alichozoea kukisoma kila jioni akishafunga kibanda kilikuwa kimeondolewa rafuni pamoja na wenzake. Sasa vyote vimo kwenye kompyuta, na kompyuta ziko nyuma ya mlango huo.

Anastazia akatazama huku na huku, akaibonyeza mashine kwa kidole chake mwenyewe. Mlango ukaachia.

"Pita upesi. Kaa kwenye kompyuta ile ya pembeni, nakuja kukufungulia kitabu."

Sadalla hajasoma sana, mara Rahimu, msimamizi wa mfumo, akatoka ofisini, simu mkononi.

"Wewe fundi, umeingiaje?"

"Kwa miguu, bosi."

"Usinifanyie mzaha. Toka!"

"Bosi, nina mtihani kesho. Mbona juzi baiskeli ya mwanao niliiziba pancha bila kukudai kidole?"

"Hayo ya kibandani kwako. Hapa tunafuata mfumo."

"Nimemwingiza mimi," Anastazia akadakia. "Miaka yote anasoma hapa, namjua."

"Wewe unamjua, mfumo haumjui." Rahimu akamgeuzia kioo cha simu. "Haya, soma orodha ya wasomaji waliomo. Umeona jina lake? Huyu mtu hayumo humu ndani!"

Anastazia akavuta kiti, akakitia katikati yao, akaketi.

"Kama hayumo, sasa unamtoa nani?"