Nyoka Wengi wa Lampang

Mji wetu wa Lampang huota kupita kiasi usiku wa kuamkia bahati nasibu. Najua, kwa sababu ndoto zote hupitia nyumba ya jirani yangu Duangkamon. Mtu akiamka anaandika kwenye simu alichoota, na seva ya Duangkamon inaifasiri ndoto na kumtajia namba za kununua kabla tiketi hazijaisha.

Bahati nasibu mbili mfululizo seva ililemewa, wateja wakakimbia.

"Ikilemewa tena, mjomba, narudi kiwandani kuchora majogoo kwenye mabakuli," aliniambia. Mgongo wake ulikuwa bado haujakisamehe kiwanda kile.

Seva ilihitaji vijiti vipya vya kumbukumbu. Ukijaza matundu yote manane, ndoto zote zinaenea, ila mashine inapunguza mwendo. Ukijaza nusu, inakimbia, lakini ndoto nyingine zinabaki kwenye diski, na kuzifuata huko ni safari.

"Jaza yote," nilimshauri. "Tundu tupu litahamiwa na mzimu asiye na kwao."

"Mjomba, wewe umestaafu ufundi simu au uganga?"

Alijaza hata hivyo. Kwanza alimwekea mzimu anayelinda kiwanja chupa ya soda nyekundu na mrija, akamwomba radhi kwa usumbufu.

Sasa asiyetaka kuniamini na asiamini. Seva ilikumbuka kila kitu, mpaka ndoto zikaanza kutembeleana. Chatu wa muuza mchele alijitumbukiza kwenye kisima cha ndoto ya mwalimu. Tembo wa kinyozi alimlalia mjane mmoja, mjane akaamka shingo imepinda. Feni zilipumua polepole kama mtu aliyelala mchana, na sebule nzima ikanukia mvua ya mahali pengine. Duangkamon akaijaribu kwa ndoto ya kung'oka jino. Jibu lilipofika, chai yake ilikuwa imepoa.

"Inapendeza," nikasema.

"Inapendeza, na inanipeleka kiwandani."

Akakaa kupitia ndoto za miezi iliyopita, kisha akaanza kucheka peke yake. "Mji mzima unaota nyoka, mjomba. Nyoka, meno, mafuriko, watawa. Hao wanaenea kwenye nusu na kujinyoosha."

"Na sisi wenye ndoto za ajabu? Mimi nimeota naoa treni."

"Wewe utangoja. Bibi harusi mwenyewe huchelewa."

Akachomoa vijiti vinne, akavirudisha dukani.

Asubuhi ya bahati nasibu maswali yalianza watawa wakiwa bado wanapita kupokea sadaka ya wali. Nyoka aliingia, namba ikatoka. Naapa niliwaona nyoka hao, wembamba, wakiteleza ndani ya waya kwenye ukungu, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Mpaka jua linawaka, hakuna mteja aliyekuwa amekimbia.

Duangkamon akampigia msimamizi wa kiwanda. "Dada Amphai, kiti changu mpe mwingine."

"Haya, mdogo wangu. Lakini usikate. Nimeota tanuri linanyonyesha paka. Namba gani hiyo?"

Duangkamon akavuta kiti, akaketi. "Iandike, dada. Halafu kapike kwanza, huyo si nyoka."