Chupa Kumi na Moja na Ufunguo wa Wifi

Nina chupa za chai kumi na moja, na mume wangu hanywi chai.

Ukiingia sebuleni kwangu utaziona juu ya kabati, fupi kwa ndefu, kama wanakwaya. Moja ina maua, moja ina ndege, na mbili zinafanana kabisa, kwa sababu nilipoinunua ya pili nilikuwa nimesahau ya kwanza.

Sikuzinunua kwa pupa. Kila moja niliiombea. Kuna mchuuzi wa vyombo ambaye mtaa mzima tunamwita Chenji Ipo. Akisimamisha mkokoteni wake mbele ya chumba ninachoshonea mapazia, mimi huinama juu ya cherehani na kusema kimoyomoyo, "Ee Mungu, kama hii si yangu, nipe ishara: kijana huyu akose chenji." Kisha natoa noti kubwa. Jina la mchuuzi nimeshalitaja.

Nina umri wa miaka hamsini na mmoja. Shule niliiacha nikiwa na kumi na mitatu, mama alipougua, na miaka mitatu iliyopita nikaanza masomo ya jioni. Tunasomea kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Nilichokuwa nakitaka ni mtihani mmoja tu, ule niliopaswa kuufanya zamani, ili nikiulizwa niseme nimemaliza. Mwaka jana ada nilikuwa nayo. Ilipungua kidogo, mume wangu akanijazia, nikatoka nyumbani asubuhi kwenda kulipa. Nikarudi na chupa mbili na bakuli sita.

Mume wangu alizitazama bakuli moja moja. "Kwani mtihani wenyewe ni wa mapishi?" akauliza.

Basi mwaka huu mwalimu wetu, kijana wa umri wa kitinda mimba wangu, alichora watu wawili ubaoni. Huyu ni wewe wa leo, akasema, na huyu ni wewe wa kesho. Wa leo anamwibia wa kesho, na ubaya ni kwamba mwizi na mwenye mali wanalala kitanda kimoja. Darasa zima likacheka, mimi nikajifanya natafuta kifutio. "Msijidanganye kuwa siku ya jaribu mtakuwa na nguvu," akaendelea. "Kama kitu kinakuponza, kaa nacho mbali. Tumieni miguu."

Nikaanza kutafuta umbali. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamwomba anitengenezee sanduku la akiba, naye akalitengeneza kwa bati lililobaki kwenye geti la ghala fulani. Juu lina tundu la kupitishia noti, mbele lina kufuli, ubavuni lina mikono miwili ya kulibebea. Hata likiwa tupu, ukilinyanyua utadhani umebeba mali. Ufunguo nikampelekea wifi yangu, dada yake mume wangu.

Wifi ni mtunza stoo wa hospitali. Kwake hupati ufagio mpya mpaka urudishe mpini wa ule wa zamani, na balbu hupati mpaka aitikise ile iliyoungua karibu na sikio lake. Inasemekana daktari mkuu aliwahi kuandika barua mbili kwa ajili ya kalamu moja. Manesi wanamwita Kufuli, na yeye anajua.

Pamoja na ufunguo nilimpa karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Usinipe ufunguo nikisema kuna mgonjwa. Usinipe nikisema kuna msiba. Usinipe nikisema bei ni ya leo tu. Usinipe nikilia. Usinipe nikisema nimepata ishara kutoka kwa Mungu. Kifungu hicho cha tano kiliniuma kukiandika, lakini Mungu mwenyewe anajua nilivyomsingizia. Cha sita, usinipe nikisema ni ada ya mtihani, maana ndivyo nilivyosema mwaka jana. Cha saba, usinipe nikisema mara hii ni kweli. Ufunguo utatoka Ijumaa ya mwisho ya mwezi, siku ya kulipa, basi. Mume wangu akatia saini kama shahidi.

Wifi aliisoma mara mbili, akaigonga muhuri wa stoo: IMEPOKELEWA.

Wiki ya tatu Chenji Ipo akaja na chupa ya kubonyeza, ile ambayo huinamishi, unabonyeza kichwani chai inatoka yenyewe. Nikaenda kwa wifi mbio, nikamwambia mkanda wa cherehani umekatika. Jambo hilo halikuwemo kwenye karatasi.

"Pole sana," akasema. "Niletee huo uliokatika niuone."

Nikaanza kulia.

"Cha nne," akasema, akaendelea kuhesabu ndoo.

Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa mdomo na kumnung'unikia wifi kwa moyo. Lakini sanduku likazidi kuwa zito, na nikaanza kulala vizuri.

Halafu, Jumanne ya wiki ya mwisho, tukakuta tangazo kwenye mlango wa darasa. Usajili uliokuwa ufungwe Ijumaa utafungwa kesho, Jumatano, saa nane mchana. Atakayechelewa asubiri mwaka ujao. Nililisoma mara tatu. Nimejifunza kusoma vizuri, kwa hiyo halikubadilika.

Asubuhi nilikuwa kwenye dirisha la stoo ya wifi kabla hajafungua daftari.

"Wifi, nipe ufunguo. Ada inafungwa leo."

Hakuinua macho. "Cha sita."

"Wamebandika tangazo!"

"Wamebandika wapi?"

"Shuleni, mlangoni."

"Hapa sijaliona."

"Wifi, haki ya Mungu, mara hii ni kweli!"

Akavua miwani, akanitazama kwa huruma. "Cha saba. Wifi yangu, karatasi hii umeiandika vizuri mno. Nani alikufundisha?"

"Mwalimu wa jioni."

"Msalimie sana."

Nikakimbilia nyumbani, nikalibeba sanduku mpaka karakana ya mume wangu nikipumzika kila nguzo ya umeme. "Baba, likate hili kufuli."

Akainua kinyago chake cha kuchomelea, akanitazama, akalitazama sanduku. "Mimi ni shahidi, mke wangu."

"Na kama ni kweli?"

"Mwaka jana pia ilikuwa kweli. Nikakujazia na iliyopungua." Hakusema kwa hasira, akashusha kinyago na kurudi kwenye kazi yake. Afadhali angenifokea.

Nikakaa juu ya sanduku langu nje ya karakana. Nikataka kuomba ishara. Ishara nilikuwa nimezitumia zote kwenye chupa. Nikasema tu, "Mungu wangu, nisaidie kufikiri." Kidogo kidogo nikaona kwamba watu hawa wawili hawanichukii. Wanachokiogopa ni mimi na pesa kukutana tukiwa peke yetu. Na mimi pia nilikiogopa hicho hicho.

Saa saba kasoro nilirudi dirishani. "Wifi, usinipe ufunguo. Saa ya chakula funga stoo, twende wote, ulipe kwa mkono wako. Mimi nitabeba tu."

Alifikiri sana. "Kusindikiza mzigo kunaruhusiwa," akasema, akaandika kwenye daftari saa aliyotoka, akajitilia saini mwenyewe. Tukapita karakana kulichukua sanduku, kila mmoja akashika mkono wake, tukaenda tukiyumba kama watu waliobeba ndoo moja iliyojaa.

Tulifika kwenye geti la shule saa nane kasoro dakika kumi na tano. Pale getini nani amesimama? Chenji Ipo na mkokoteni wake.

Nikakaza macho mbele. Niliapa sitatazama, na sikutazama. Sanduku ndilo lililosimama.

"Wifi," akasema Kufuli kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, laini kama ya bi harusi. "Umeyaona yale makopo?"

"Sijaona. Twende."

"Vifuniko vinabana pande zote nne. Na kila kopo lina kufuli lake dogo."

"Seti ya mwisho, mama!" akasema Chenji Ipo. "Bei ya leo tu."

"Tua kidogo, wifi." Akatua upande wake. "Nachukua humo kidogo, Ijumaa napata mshahara narudisha yote."

"Ijumaa? Usajili unafungwa saa nane leo!"

"Ukilipa nusu watakuvumilia. Ofisi ni watu."

"Wewe unasema hivyo? Wewe mwenye mipini ya mafagio?"

"Wifi, sikiliza. Miaka kumi na minane nimetafuta makopo ya namna hii. Leo natoka stoo siku moja tu, nayakuta. Unafikiri ni hivi hivi? Hii ni ishara."

Nywele zilinisimama. Sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa yangu, yote, hata ule mtetemo wa mwishoni. Ufunguo ulikuwa tayari mkononi mwake. Ningeweza kumjengea hoja, lakini nilikumbuka kwamba katika chupa kumi na moja hakuna hoja hata moja iliyowahi kunishinda.

Nikalinyanyua sanduku peke yangu. Nguvu zilitoka wapi sijui, ila mgongo bado unakumbuka. Nikakimbia.

"Wifi! Rudi hapa! Mwizi!"

"Langu hili!"

"Ufunguo ninao mimi!"

"Basi ulete!"

Nikaingia ofisini na kulitua juu ya meza ya karani, kikombe chake kikaruka. Wifi akaingia nyuma yangu akihema, kilemba kimemshukia kwenye jicho moja.

"Mama zangu," akasema karani taratibu, "hapa ni ofisi ya usajili."

Wifi alilitazama dirisha, kwa mbali mkokoteni ukionekana. Akaitazama saa ukutani. Mimi nikaweka mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Sekunde zile sikuomba ishara yoyote, nilimwombea yeye tu.

Akafungua. Akahesabu noti mara mbili, karani akahesabu mara ya tatu. Zilitosha. Wifi akaidai risiti, akaukagua muhuri, akarudisha risiti muhuri uongezwe wino. Saa nane kasoro dakika mbili karani akalisoma jina langu lote kutoka kwenye orodha ya watahiniwa, la kwangu, la baba na la babu. Sikuwa nimelisikia likisomwa hivyo tangu nikiwa na kumi na mitatu. Nikaitika, "Nipo," kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nje, kwenye ngazi, wifi alikaa chini ghafla.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Niandikie na mimi. Usisahau vifuniko."

Nikamwandikia nyuma ya bahasha, vifungu saba vile vile, cha nane kikawa cha vifuniko na makufuli madogo madogo. Akatia saini. Kisha akasimama, akafumba macho, akanishika bega kama kipofu, tukaelekea getini na sanduku letu.

"Tumempita?"

"Bado."

"Anasema nini?"

"Amepunguza bei."

Vidole vyake vikanibana bega. "Amepunguza mpaka ngapi?"

"Cha tatu, wifi. Tembea."