Udongo wa Laptopu ya Mwalimu Shigela

Jumatatu hiyo Edith alifungua duka lake la kutengeneza kompyuta pale Malangali, mjini Sumbawanga, akafagia kizingiti, akachemsha maji ya chai, kisha akaifungua laptopu ya Mwalimu Shigela iliyoletwa kwa sababu feni yake ilikuwa inakoroma. Ndani ya feni alikuta udongo mbichi. Halikuwa vumbi. Vumbi la Sumbawanga analijua, ni jepesi, ukilipumulia linaruka. Huu ulikuwa udongo mwekundu, mzito, wenye chenga nyeusi, na ulikuwa bado umeloa. Aliuzoa kwa kijiko, akauweka kwenye kisosi, akaendelea na kazi. Alipomaliza kusafisha feni, mwingine ulikuwa umeshachungulia kwenye tundu la flashi.

Mwalimu Shigela alipita baada ya vipindi.

"Vipi, imepona?"

"Bado, Mwalimu. Inatoa udongo."

"Mwingi?"

"Si haba."

Mwalimu akasonya. "Aliyeniuzia aliniambia ina dosari ya betri tu."

Zamani duka hilo lilikuwa la watu wawili, Edith na kaka yake Wilibrodi. Wilibrodi alikuwa na mkono wa ufundi, lakini ulimi wake ulikuwa fundi zaidi. Mchana wateja wakipungua, alikaa juu ya kreti la soda na kuzitabiri kompyuta za kesho. Prosesa itakuwa ndogo kama punje ya ulezi, alisema, na haitapata joto kabisa. Upepo wa Ufipa peke yake utatosha kuipoza. Na haya matundu, ambayo kila kampuni inatoboa la umbo lake ili watu wanunue waya mpya, yatakwisha. Litabaki tundu moja la kupokea kila waya, kama mlango wa kanisa unavyopokea kila mtu.

Mwalimu Shigela ndiye aliyekuwa mshindani wake. "Kwanza si prosesa, ni kichakataji," alisema. "Pili, udogo haumwondolei mtu joto. Muulize pilipili."

Walibishana hivyo miaka na miaka. Mwishowe Wilibrodi akapatwa na hamu ya kwenda kuona vitu hivyo vinakoanzia. Yeye na jirani yao Yonas walipanda lori la kwenda bandarini Kasanga, wakavuka ziwa hadi Kongo, ambako watu huchimba mawe meusi yanayokwenda kutengenezewa vifaa vya kompyuta. Alisema atarudi na mtaji. Masika ya pili shimo likamfukia. Yonas ndiye aliyepiga simu. Alisema mwenye shimo ameona kufukua ni gharama, ameagiza lichimbwe jingine pembeni.

Mama yao, Marsiana, aliyekuwa akilima ulezi na mahindi kule Mollo, aliukalia msiba usio na maiti. Ndugu walilala matanga, wakala, wakaaga. Yeye hakunyanyuka mkekani. Alisema hawezi kuinuka kabla mwanawe hajalazwa. Shamba lake likamezwa na magugu, majirani wakawa wanamletea uji hapo hapo alipoketi.

Edith alipompelekea kile kisosi, Marsiana aliuchukua udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa.

"Niletee hiyo mashine," alisema.

Edith aliileta laptopu ya Mwalimu, akaiweka mkekani mbele ya mama yake, aliyekuwa bado amejitanda kanga ya msiba. Kwenye tundu la flashi, katikati ya udongo, palikuwa na ncha ya uzi. Marsiana aliivuta. Uzi ulikuwa wa sufu, wa kijani, na ulipotoka haukukatika. "Hili ni sweta langu," alisema. Alikuwa amelifuma mwenyewe, Wilibrodi alipokuwa anajiandaa kwa kipaimara, akaliongezea mikono kila alipozidi kurefuka. Alivuta na kuviringisha, akavuta na kuviringisha, mpaka chai ya Edith ikapoa na donge la uzi likawa halikamatiki kwa mkono mmoja. Ukosi ulipofumuka, spika zikakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Huku hatuli, mama."

Edith alivuta kigoda karibu. "Kaka, uko wapi?"

"Humu ndani. Shimo la pembeni lilipofika tulipolala, walizoa mawe, wakatuzoa na sisi. Waliposaga hawakututenga."

"Uko na nani?"

"Tuko wengi. Yupo mama mmoja, mtoto wake angali mgongoni. Wengine siielewi lugha yao."

Marsiana aliuliza kama kuna baridi. Wilibrodi alisema hapana, kuna joto, na amwambie Mwalimu Shigela kwamba alishinda. Prosesa haitaacha kupata joto, kwa sababu lile joto ni pumzi zao.

Edith hakujua aulize nini tena. Akauliza walichozoea kuulizana. "Na za kesho zitakuwaje?"

"Zitakuwa nyembamba kama ganda la muhindi," alisema Wilibrodi. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye kreti, ila hakuna aliyembishia. "Na kasi itazidi. Lakini zinataka watu, mdogo wangu. Kila kasi ikizidi zinataka watu zaidi."

Udongo uliendelea kutoka juma zima. Edith alimwomba radhi Mwalimu kwa kumcheleweshea kifaa, na Mwalimu akasema msiba ni msiba. Udongo ulipokoma, ulikuwa umejaza beseni la kufulia. Walimwendea padre. Aliuliza kama huo udongo umebatizwa. Alipoambiwa ndiyo, na kipaimara umepata, alichukua stola yake. Walimzika Mollo, ubavuni mwa baba yake, na donge la uzi juu. Udongo mwekundu ulionekana wazi ndani ya udongo wa kijivu wa nyumbani. Marsiana alinyanyuka mkekani, akaoga, akaingia shambani kung'oa magugu.

Edith ndiye aliyebaki na kazi ngumu zaidi. Kabla hajairudisha laptopu, aliinamia tundu lake na kuita, "Kaka?" Waliitika watu wengine. Walizungumza kwa pamoja, kwa lugha asizozijua, na miongoni mwao mtoto mchanga alikuwa analia. Wilibrodi hakuwamo tena. Walikuwa wamempumzisha, na kwa kumpumzisha walikuwa wamemnyamazisha. Alikaa hadi mtoto alipobembelezwa akalala, kisha akaifunga.

Baadaye udongo ukaanza kutoka kwenye kompyuta za mjini kote. Wafagizi wa maofisini walikuja na beleshi ndogo. Wenye vibanda vya fotokopi waliweka visosi chini ya mashine zao, na ofisi moja ikabandika tangazo kwamba udongo wa kompyuta usimwagwe kwenye mitaro. Edith alimpigia simu Yonas, akamweleza.

"Ndiyo, tunasikia habari hizo," alisema Yonas. Nyuma yake mashine za kupasulia mawe zilikuwa zinanguruma.

"Na mwenye shimo anasemaje?"

"Amefungua mengine. Siku hizi wanataka mawe mengi."

"Rudi nyumbani, Yonas."

"Nikarudie nini, dada?"

Wakaagana.

Kipupwe kilichofuata zikaja laptopu mpya. Mwalimu Shigela alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata. Aliileta dukani ahamishiwe mitihani yake, akaigeuza huku na huku mbele ya Edith. Haikuwa na tundu hata moja. Umeme ilikunywa kwa kulazwa juu ya kibao cha kuchajia, mengine yote ilipokea hewani. Hata Wilibrodi hakuwa amewaza kufika huko.

"Udongo?" aliuliza Edith.

"Hautoki," alisema Mwalimu, akatazama chini. "Maofisini wote wameagiza za hivi. Ni safi."

Marsiana alikuwepo, ameleta unga wa ulezi. Aliweka kiganja juu ya laptopu. Ilikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Akaiinamia kwa sikio. Hakusikia kitu.

"Sasa watatokea wapi?" aliuliza.

"Mama, ndivyo zinavyokuja siku hizi," alisema Mwalimu kwa upole.

Marsiana hakuondoa kiganja. "Poleni, wanangu," aliiambia laptopu. "Poleni sana. Pole na wewe mama mwenye mtoto, kama umo."

Mwalimu alisubiri, kama mtu anavyomsubiri mkubwa amalize kusalimia. Kisha akaitia laptopu kwenye begi, akaaga, akaenda kufundisha.